Bukavu: Disertasio ya Kifaransa, mlima wa kwanza wa finalisti

Katika Kadutu, Bagira na Ibanda, mtoto anaamka kwa Kiswahili, anacheza kwa Kiswahili, na bibi yake akimwita anajibu kwa Mashi ao Kilega. Lakini ili apate diplome ya Serikali, siku moja ataketi mbele ya karatasi tupu, ajadili kwa Kifaransa mada ambayo hakuichagua yeye. Finalisti wengi wanaogopa siku hiyo kuliko hesabu.

Disertasio inafanywa katika sehemu ya kwanza ya mtihani, ile inayoitwa hors-session, pamoja na mtihani wa kusema Kifaransa kwa mdomo. Majuma kadhaa baadaye inakuja sesyo ya kawaida ya siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Siku ya lugha, mwanafunzi anachagua tu jibu kati ya yale aliyopewa. Kwenye disertasio hakuna cha kuchagua. Na chini ya asilimia 50 hakuna diplome, na pasipo diplome mlango wa Chuo Kikuu au wa ISP unabaki umefungwa.

Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, zitumiwe kufundishia. Karatasi ya mwisho, hata hivyo, inabaki ya Kifaransa. Ndiyo sababu makosa mengi ya vijana wetu si ya uvivu. Ni Kiswahili kinachojitokeza ndani ya Kifaransa.

Tuangalie mifano. Kwetu mtu anasikia sauti, anasikia njaa, anasikia na harufu. Kijana anaandika basi « j'entends l'odeur », na msahihishaji anapiga mstari mwekundu, maana Kifaransa kinataka « je sens ». Tunasema pia « ningekuwa na pesa, ningenunua kitabu »: -nge- huku na -nge- kule. Kijana anapeleka mizani hiyo hiyo kwenye Kifaransa, anaandika « si j'aurais de l'argent, j'achèterais ». Kumbe baada ya « si » inatakiwa « j'avais ». Tena « yeye » wetu hajali mwanaume wala mwanamke. Dada anaondoka, na kwenye karatasi inatokea « ma sœur, il est parti ».

Mwalimu anayeweka sentensi hizo mbili ubaoni, ya Kiswahili na ya Kifaransa, bega kwa bega, anasaidia kuliko yule anayesema tu « faute ! ». Kwa bahati mbaya, mahali pengi bado inakatazwa kutamka neno la Kiswahili darasani, hata kwa kueleza kosa.

Desturi nyingine ni kukariri. Mwanafunzi anameza utangulizi mmoja na maneno matano ya wafalsafa, anategea mada yoyote itakayokuja. Msahihishaji anayesoma rundo la karatasi anautambua utangulizi huo tangu mstari wa kwanza. Afadhali kuchukua mada za miaka iliyopita, kubishana juu yake kwa Kiswahili na wenzake mpaka hoja zieleweke, nani anakubali, nani anapinga na kwa nini, kisha kila mmoja aandike mpango wake kwa Kifaransa. Hoja ikiwa wazi kichwani, sarufi inabaki kazi ya mazoezi.

Kwa sikio, kuna njia isiyo na bei kubwa. Radio Okapi inatoa habari kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia. Anayesikiliza habari ileile mara mbili anapata maneno ya kutumia hata mbele ya juri ya mdomo.

Kuhusu majibu yanayouzwa kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia sesyo: maswali yanagawanywa kwa seri mbalimbali, na jirani yako wa benchi anaweza kuwa na karatasi tofauti na yako. Pesa hiyo ingenunua mishumaa.

Maana umeme nao ni somo. Mabwawa ya Ruzizi yako hapa karibu, lakini kartie nyingi zinakaa gizani saa za kurudia masomo. Mwaka 2025, M23 ilipouteka mji tarehe 16 mwezi wa pili, masomo yalisimama na benki zikafungwa, wakati ambapo finalisti walipaswa kujiandaa. Waliokuwa na daftari la mada na kikundi cha wenzao katika avenue moja waliendelea mchana, uani, bila kungoja SNEL.