WHISPERS: Mcheshi aliyejicheka mwenyewe hadi wakubwa wakakosa raha

Wapenzi wa vichekesho, hebu tuulizane. Hivi mtu anaweza kuvunja watu mbavu kila Jumapili kwa karibu miaka ishirini bila kuishiwa? Tena bila kujipaka masizi usoni wala kuvaa suruali inayoning'inia?

Yupo aliyeweza, na ni jirani yetu. Wahome Mutahi wa Kenya, mzaliwa wa Nyeri mwaka 1954, ndiye aliyeandika safu iliyoitwa Whispers, yaani minong'ono. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980, kuna watu walinunua gazeti la Jumapili na kulisoma kutokea nyuma. Siasa baadaye, kwanza Whispers kafanya nini tena!

Kwa vijana mnaovijua vichekesho vya dakika moja kwenye simu, kisa cha huyu bwana ni kitamu, ingawa kina pilipili ndani yake.

BABA MWENYE NYUMBA ASIYE NA SAUTI

Siri yake ilikuwa nyepesi. Alijifanya yeye mwenyewe ndiye kichekesho. Whispers wa gazetini ni mwanamume wa mjini aliyetoka kijijini, chini ya Mlima Kenya. Anapenda ulabu, mfukoni hana kitu, na kila siku anatangaza kwamba yeye ndiye kichwa cha nyumba.

Nyumba yenyewe sasa! Mkewe alimpa jina la Thatcher, kama yule mama wa chuma, Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Hapo umeshaelewa nani alikuwa na kauli ya mwisho. Binti yake alimwita kitega uchumi, maana baba mtu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya mahari. Yupo na mama mzazi, Appepklonia, ambaye jina lake la ubatizo lilipindishwa na ndimi za kijijini mpaka likawa hivyo. Na yupo Padri Camisassius, aliyewatia hofu ya moto wa milele.

Mchukue Whispers umshushe kituo cha Mkuyuni, hapo hapo kwenye Barabara ya Kenyatta. Nusu saa tu atakuwa ameshapata washikaji, ameshakopa bia mbili na ameanza kuhofia atakavyogonga mlango usiku. Ndiyo maana watu walimpenda: kila mtu anamjua mtu wa aina hiyo. Wengine wanamwona kwenye kioo.

Lakini angalia ujanja wake. Mtu anayejicheka mwenyewe kwanza, ni vigumu kumkasirikia akigeuka kumcheka mwingine. Na Whispers aligeuka. Baada ya kumaliza vituko vya nyumbani, aliwagusa wakubwa wanaoogopwa na kila mtu huku wao wenyewe wakiogopa vivuli vyao.

MIEZI 15 JELA

Enzi hizo Kenya ilikuwa chini ya Rais Daniel arap Moi, na haikuwa nchi ya kucheka ovyo. Mwaka 1986 serikali ilikuwa ikiwasaka watu waliodaiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la kuipinga. Walimu, wanafunzi na waandishi walizolewa, wakapelekwa Nyayo House, jengo la katikati ya Nairobi ambalo vyumba vyake vya chini vilikuwa mahali pa mateso. Wahome naye alikamatwa, akafungwa miezi 15.

Wengi wakitoka huko hunyamaza, na hakuna wa kuwalaumu. Yeye alitoka na kalamu yake. Mwaka 1991 ikatoka riwaya yake, Three Days on the Cross, kuhusu watu wanaokamatwa na kuteswa kwa kosa wasilolifanya. Hiyo haichekeshi hata kidogo. Lakini Jumapili zake ziliendelea, Thatcher akiwa palepale mlangoni akimsubiri.

KUTOKA GAZETINI HADI BAA

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri, hasa ninyi mnaoota usanii.

Safu ya Whispers iliandikwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kikuyu na Kiswahili. Aliyekosa shule, au aliyekosa hela ya gazeti, alibaki nje. Katika miaka ya 1990 Wahome akaona isiwe tabu. Akishirikiana na Wahome Karengo, aliandika michezo ya kuigiza kwa Kikuyu, na hakusubiri watu waje kwenye kumbi za heshima. Aliwafuata walipo, kwenye baa.

Fikiria: meza zimesogezwa, chupa ziko mikononi, na mbele yako "mtukufu" anapayuka. Mmoja wa michezo hiyo, Mugaathe Mubogothi, ulimhusu mtawala anayeweweseka. Mwingine uliitwa Makaririra Kioro, yaani watalilia chooni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mtukufu ni nani.

Muuza mkaa, kondakta na mama wa sokoni, ambao safu ile haikuwahi kuwafikia, sasa walikuwa wanacheka pamoja na mhasibu aliyeisoma. Na kicheko cha watu mia ukumbini si sawa na cha mtu mmoja nyuma ya gazeti. Ukicheka peke yako unaweza kujifanya unakohoa. Mkicheka mia, kila mmoja anajua jirani yake pia haogopi tena.

Baadaye runinga nayo ikaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Redykyulass walianza kumwigiza Moi waziwazi. Mwaka 2009 ukaja XYZ Show, wenye vikaragosi vya wanasiasa, ulioanzishwa na mchora katuni Gado, ambaye ni mtoto wa Dar es Salaam! Hawa hawakuigiza maandishi ya Wahome, lakini walipita kwenye njia ambayo yeye na wenzake waliifyeka kwa gharama kubwa.

MWISHO WA MINONG'ONO

Moi aliondoka Ikulu Desemba 2002. Wahome aliifaidi Kenya mpya kwa miezi michache tu. Machi 2003 aliingia hospitali kwa upasuaji mdogo, akapoteza fahamu na hakuamka tena. Alifariki Julai 22, 2003. Mtu aliyetoka hai mikononi mwa watesaji akaondokea kitandani. Wachapishaji wa Kenya walianzisha tuzo ya fasihi yenye jina lake.

Haya, turudi kwetu. Mwanza vipaji tunavyo, na pale Butimba kuna chuo cha ualimu kinachojulikana kwa sanaa. Lakini vichekesho vyetu vingi bado vinamcheka mshamba, mlemavu na lafudhi ya Msukuma. Huyo hawezi kukufunga, ndiyo maana ni rahisi kumcheka.

Whispers alianza na nyumba yake, akatumia lugha ya mama yake, akaenda walikokaa watu. Kisha akapandisha kicheko ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtukufu. Nani kati yenu anaanza? Baa za Mkuyuni zipo, na meza zinasogezeka.