Panga Halihitaji Mkojo wa Beberu

Kila ninapokutana na mafundi chuma wa Morogoro, swali ni lile lile: "Mtaalamu, tuzamishe kwenye nini?" Huyu anaapa kwa mkojo wa beberu, yule kwa oili chafu, mwingine ana maji yake ya chumvi na majivu ambayo hataki jirani ayajue. Panga likikatika kwenye kisiki, maji ndiyo yenye kosa. Jembe likipinda kwenye mawe ya Kinole au Mgeta, maji tena. Swali hili limepotosha watu kwa muda mrefu, na linamgharimu mkulima wa Uluguru ambaye mteremko wa shamba lake haupitishi trekta wala plau. Mkulima huyo anategemea jembe la mkono na panga, basi.

Tuanze na mkojo. Mkojo ni maji yenye chumvichumvi. Chuma chekundu kikitumbukizwa katika maji matupu, huzungukwa na utando wa mvuke unaozuia joto lisitoke upesi. Chumvi huuvunja utando huo mapema, na chuma hupoa haraka zaidi. Siri yote imeishia hapo. Kilo moja ya chumvi ya dukani katika lita kumi za maji itafanya kazi hiyo vizuri kuliko beberu yeyote, mweusi au mwekundu, aliyelishwa majani ya aina yoyote. Wala imani hii si ya kwetu peke yetu. Mtawa Theophilus, aliyeandika Ulaya katika karne ya 12, aliwaelekeza wahunzi wakusanye mkojo wa mbuzi, au wa mtoto mdogo mwenye nywele nyekundu. Miaka mia tisa imepita na bado tunabishana kuhusu rangi ya mbuzi!

Kubwa zaidi ni hili: kimiminika hakiingizi nguvu yoyote ndani ya chuma. Ugumu hutokana na kaboni ambayo tayari imo. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikifikia nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kaboni hutawanyika kati ya atomu za chuma. Kikipozwa ghafla, kaboni hiyo hukwama humo, mpangilio wa atomu hukazika, na chuma huwa kigumu. Springi ya gari ina kaboni karibu asilimia 0.6, kwa hiyo inakubali. Nondo ya kawaida ya ujenzi ina kaboni kidogo mno kwa kazi hii. Izamishe katika mkojo, oili au maji ya Mto Ruvu, haitatoa panga la maana. Kaboni kutoka nje inaweza kuingizwa, lakini kwa kukifungia chuma ndani ya makaa yenye joto la nyuzi 900 kwa saa kadhaa, na hata hapo huingia kina cha milimita moja hivi tu. Sekunde tano ndani ya ndoo haziingizi kitu.

Chini ya imani hiyo kuna kosa jingine, la kudhani kwamba kadiri chuma kinavyopoa haraka ndivyo kinavyokuwa bora. Dunia imekwisha kulijaribu jambo hilo hadi mwisho wake. Mwaka 1960, Pol Duwez na wenzake katika chuo cha Caltech, Marekani, walipoza mchanganyiko wa dhahabu na silikoni kwa kasi ya karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Atomu zilikosa muda wa kujipanga, na kikapatikana kioo cha metali. Metali za jamii hiyo zina nguvu ya ajabu, lakini nyingi ukizivuta hukatika ghafla bila kunyumbuka. Mkazo wote hukusanyika katika ukanda mmoja mwembamba, na ndani hamna kitu cha kuuzuia usienee. Wanaotafuta vioo vya metali vyepesi, vya magnesiamu au titani, wamehangaika sana na udhaifu huo. Mwaka 2008, Douglas Hofmann na wenzake, hapo hapo Caltech, walionyesha njia kwa titani: waliacha fuwele laini zikue ndani ya kioo, zikaikatiza mikanda ile, na metali ikaweza kunyumbuka kabla ya kukatika. Dawa ilikuwa kuupa ugumu kitu laini cha kuusaidia. Hawakutafuta ndoo yenye kasi zaidi.

Panga lililozamishwa likaachwa hivyo hivyo lina ugonjwa wa namna hiyo. Ni gumu, na litakatika.

Sasa ya kufanya. Kabla ya kufua, kata kipande kidogo cha chuma chako, kipashe hadi kiwe chekundu, kizamishe, kisha kigonge: kikikatika kina kaboni, kikipinda kitafutie kazi nyingine. Kagua springi chakavu, yenye ufa iache. Pasha kivulini, ujaribu kwa sumaku. Ikiacha kunasa, ongeza moto kidogo tu, uzamishe. Kwa springi tumia mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi huipasua. Oili chafu inafanya kazi, lakini moshi wake utakuumiza. Pitisha tupa, na ikiteleza, ugumu umepatikana. Kisha, siku hiyo hiyo, sugua mpaka chuma king'ae na ukirudishe kwenye moto mdogo, ili ugumu upate ulaini wa kuusaidia, uangalie rangi: manjano ya majani makavu ni nyuzi 230 hivi, zambarau 280, bluu 300. Kisu kiishie kwenye manjano. Panga na jembe vifike bluu, na upande wa mgongo na wa mpini upate joto zaidi.

Nawe mkulima, ukinunua panga sokoni, usimuulize fundi alilizamisha kwenye nini. Muulize chuma alikitoa wapi, na alikirudisha motoni hadi rangi gani. Asiyeweza kujibu maswali hayo mawili, usimpe fedha yako.