KISU CHENU KINALIWA NA KUTU? CHAGUENI MAFUTA SAHIHI!

Mnanunua vyombo vya bei mbaya, halafu mnavilaza vikiwa vimelowa. Mwezi huu tunaingia jikoni kuangalia mafuta gani yanafaa kupakwa kwenye kisu, na yapi yabaki gereji.

Jaribu kufungua droo ya vyombo kwenye nyumba ya maharusi wa mwaka jana. Mara nyingi utaikuta ile seti ya visu iliyoletwa siku ya kichen pati, sasa ina madoadoa ya kahawia. Mke anasema mkosaji ni mume, anayekata limau usiku na kukitupa kisu kwenye sinki. Mume anasema visu vyenyewe feki. Ndo mwanzo wa maneno! Kumbe wote wawili wanamsahau mbaya wao wa kweli: maji, hewa na chumvi.

MBONA CHANGU NI STENLESI?

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji pamoja na oksijeni ya hewani. Chumvi ikiongezeka, kazi inakwenda mbio zaidi. Ndiyo maana wakazi wa Kigamboni, Msasani, Nyali au Mji Mkongwe hawahitaji kuambiwa. Mageti na mabati yao yanaongea yenyewe. Upepo uleule unaokula geti unaingia jikoni pia.

Sasa usijidanganye na neno stenlesi. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma kilichochanganywa na kromiamu ambacho hakikushika kutu kirahisi. Leo, ili chuma kiitwe stenlesi kinatakiwa kiwe na kromiamu angalau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hujenga utando mwembamba sana unaokilinda chuma. Lakini kulindwa si kufanywa jiwe. Kisu kikilala na maji ya chumvi, utando huo hutobolewa na vidoa vinaanza.

Visu vya chuma cha kaboni, vikiwemo vile vya wahunzi wetu vinavyofuliwa kutokana na springi za magari, ndiyo kabisa. Vinanoleka vizuri na vinakata kama wembe, ila ukivisahau na maji usiku mmoja, asubuhi vimeshabadilika rangi. Angalizo: ile rangi ya kijivu kama bluu inayobaki baada ya kukata kitunguu au embe bichi si kutu. Hiyo iache, inasaidia kukinga. Ya kuogopa ni nyekundu au ya kahawia inayoachia unga.

MASWALI MAWILI TU

Kazi ya mafuta ni rahisi: yanakaa kati ya chuma na unyevu. Karibu kila mafuta yanaweza kufanya hivyo kwa siku mbili tatu. Tofauti ni kwamba kisu cha jikoni kesho kitakata nyanya ya kachumbari ya mtoto wako. Kwa hiyo kabla hujapaka chochote, jiulize: je, haya naweza kuyala bila kudhurika? Na je, yakikaa wiki kadhaa hayatachacha? Yakishindwa swali moja, hayafai. Twende nayo moja moja.

1. Mafuta ya alizeti au ya zeituni. Yanalika, sawa, lakini yakikaa kwenye hewa huchacha, yananuka na kunata kama gundi. Ukiyapaka leo na kesho unakitumia kisu, hakuna neno. Kwa kuhifadhi muda mrefu, hapana.

2. Mafuta ya nazi. Haya ni jirani mwema. Yana mafuta mazito yanayochelewa kuchacha, na yanapatikana kila mahali pwani. Chagua yaliyo safi na angavu. Yaliyopikwa nyumbani yakabaki na maji au machicha huharibika haraka. Mlioko Njombe au Arusha msishangae yakiganda: chini ya nyuzi joto kama 24 ndivyo yalivyo. Yapashe kidogo kwa viganja.

3. Mafuta meupe ya duka la dawa. Wafamasia huyaita likwidi parafini, na watu huyanywa kulainisha choo. Hayana rangi wala harufu, hayachachi na yanalika. Kwa matumizi mengi kwa mkupuo, hili ndilo chaguo letu la kwanza. ILA kuwa makini na jina! Ukimtuma mtu "parafini" bila kufafanua anaweza kukuletea mafuta ya taa, ambayo ni sumu. Nenda mwenyewe, soma lebo.

4. Mafuta ya cherehani. Ni mepesi na yanakinga vizuri, lakini hayakutengenezwa kwa ajili ya chakula. Mkasi wa kushonea, sawa. Kisu cha mboga, hapana.

5. WD-40. Kopo hili linapendwa na mafundi tangu lilipobuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953. Kazi yake ya asili ilikuwa kufukuza maji. Kwenye bawaba na kufuli lina raha yake, ila si la kitu kinachogusa chakula.

6. Oili chafu ya gari. Hata usithubutu. Ina mabaki ya injini ambayo hayana kazi mdomoni mwa binadamu.

Wajapani nao wana utamaduni wao: panga zao za kijadi hupakwa mafuta yenye harufu ya karafuu. Kisu kilianza kutunzwa zamani, si mambo ya leo!

KUPAKA NI DAKIKA MOJA

Osha kisu kwa mkono mara tu unapomaliza. Kaushe kwa kitambaa kikavu, usikiache kijikaushe. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mafuta juu ya maji yanafungia maji ndani. Kikishakauka, tia matone mawili au matatu kwenye kitambaa, pitisha kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, kisha futa kinachozidi. Mpini usibaki na utelezi. Cha kaboni kipake kila kinapokaa siku kadhaa bila kazi. Cha stenlesi, mnapokihifadhi au mnaposafiri.

Chupa ile ile ya duka la dawa isiishie hapo. Paka meno ya mbuzi ya kukunia nazi, ubao wa kukatia na mpini wa mti usipasuke. Chupa moja, jiko zima.

NANI ANAPAKA?

Hapa ndo penye utamu. Kutu haiulizi nani mke nani mume. Kisu kilichochimbika makali kinakulazimisha ukandamize kwa nguvu, kinateleza, na kidole ndicho kinacholipa, awe anapika mama au baba. Wekeni kanuni moja nyepesi: aliyekitumia wa mwisho ndiye anayekikausha na kukipaka. Hakuna kusubiriana, hakuna kununiana.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Nyinyi mko wawili na kisu ni kimoja; kitunzeni, nyama mle wote.