Kununua Michezo ya Video Iliyotumika: Je, ni Kumdhulumu Aliyeitengeneza?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake.

Vibanda vya michezo ya video vimekuwa jambo la kawaida katika miji na vijiji vyetu. Ndani yake mna televisheni, mashine ya PlayStation, pedi mbili na vijana wanaolipia kila mechi. Tuchukue mfano wa kijana wa Nyarero, wilayani Tarime, anayetaka kufungua kibanda cha namna hiyo. Akiba yake haitoshi vitu vipya, hivyo atanunua mashine na sidii zilizotumika. Anamwendea imamu wake na kumwuliza: "Aliyeutengeneza mchezo huu hapati hata senti katika fedha ninazotoa. Je, sijala jasho lake?"

Swali hili linahusu mali ya mtu na uhalali wa riziki, kwa hiyo halifai kujibiwa kwa haraka.

Asili ya hukumu

Aya ya 29 ya Suratun-Nisaa inakataza watu kuliana mali kwa batili, na inahalalisha biashara ya kuridhiana. Mwenye kununua kitu kwa mauzo sahihi amekimiliki. Anaweza kukitumia, kukitoa zawadi au kukiuza, na akifa kinarithiwa.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alinunua ngamia wa Jabir bin Abdillah (r.a.) wakiwa safarini. Ngamia huyo alikuwa ameshatumika hata akachoka. Walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alimlipa Jabir thamani yake, kisha akamwachia na ngamia mwenyewe. Haikutafutwa aliyemmiliki ngamia kabla ya Jabir ili apewe fungu.

Je, muuzaji wa kwanza anaweza kubakiza mkono wake katika kitu alichokwisha kukiuza? Bibi Aisha (r.a.) alipotaka kumnunua Barira ili amwache huru, mabwana zake walishikilia kuwa haki ya walaa ibaki kwao. Mtume (s.a.w.) alilibatilisha sharti hilo. Nao wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamesema kuwa sharti la kumzuia mnunuzi asiuze linapingana na lengo lenyewe la mkataba wa mauzo.

Je, kiwanda kinadhurika?

Watengenezaji wana hoja ambayo ni uadilifu kuitaja. Nguo ya mtumba huchakaa, lakini mchezo ulio ndani ya sidii iliyotunzwa ni uleule uliokuwamo siku ya kwanza. Kwa hiyo kilichotumika hushindana na kipya moja kwa moja.

Hoja hii ilifikishwa mahakamani huko Japani, nchi ya Sony na Nintendo. Mnamo Aprili 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa haki ya mtengenezaji ya kudhibiti usambazaji wa nakala humalizika nakala hiyo inapouzwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 kampuni ya Microsoft ilitangaza masharti ya kubana uuzaji wa michezo iliyotumika katika mashine yake ya Xbox One. Wanunuzi walilalamika sana, na mwezi huohuo wa Juni ikayaondoa.

Malalamiko hayo yana maana yake. Anayenunua kipya kwa bei kubwa huwa anajua kuwa kesho atakiuza, na fedha atakazopata huenda zikanunua kipya kingine. Hivyo soko la vilivyotumika humpunguzia mtengenezaji upande mmoja na kumwongezea upande mwingine.

Hata tukikubali kuwa baadhi ya mauzo hupotea, kukosa faida uliyoitarajia si sawa na kunyang'anywa mali. Kanuni ya kutodhuru wala kulipiza madhara haimzuii mtu kuuza mali yake eti kwa sababu jirani naye anauza.

Iwapo biashara ya vilivyotumika inaathiri viwanda vya nchi, hilo ni suala la maslahi ya umma, na linaamuliwa na wenye mamlaka. Ndivyo wakuu wa Afrika Mashariki walivyokusudia mwaka 2016 walipokubaliana kupunguza nguo za mitumba hatua kwa hatua. Hilo halimfanyi mnunuzi mmoja mmoja kuwa dhalimu.

Dhuluma iko wapi?

Dhuluma iko katika sidii za kuchoma. Anayeuza sidii halisi hubaki mikono mitupu, lakini mchomaji huuza nakala mia na sidii yake bado anayo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali yenye thamani, na kuzivamia hakujuzu. Nayo Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Michezo ya kupakua kwenye intaneti nayo ina hukumu yake. Mara nyingi kinachouzwa hapo ni ruhusa ya kutumia, jambo lililo karibu zaidi na ijara, na Waislamu wametakiwa kutimiza masharti yao.

Jibu kwa kijana wetu

Anunue sidii halisi zilizotumika bila wasiwasi, na aziache za kuchoma hata kama ni rahisi. Kitu cha bei ya kutupa asikiguse mpaka ajue kilikotoka, kisije kikawa cha wizi. Naye muuzaji aseme wazi kama sidii ina mikwaruzo, kwani Mtume (s.a.w.) alimkemea aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu.

Kuna jambo lililobaki. Kumiliki sidii si lazima kuwe ruhusa ya kuitumia kwa kutoza watu, hivyo kabla ya kufungua kibanda aulize Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA). Akishafungua, achague michezo isiyo na uchi, asiruhusu vijana kuwekeana fedha juu ya mechi, maana hiyo ni kamari, na adhana ikisikika azime mashine.

Wallahu a'lam.