Safari ya Serengeti: Maji Kwanza, Nauli Baadaye

Kiangazi ni majira ambapo kwaya, vikundi vya akina mama na jumuiya nyingi hupanga safari za pamoja. Safari mojawapo inayotamaniwa sana ni ile ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ni jambo jema. Wageni huvuka bahari ili waione, lakini wengi wetu wa Tarime na Mugumu tumezaliwa karibu na mpaka wake na hatujawahi kupita langoni. Tena raia hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Viongozi wa safari waulize TANAPA mapema juu ya malipo na taratibu zake.

Katika vikao vya maandalizi huzungumzwa nauli, sare na mchele. Afya hukumbukwa mtu anapozimia ndani ya basi. Ndiyo maana mwezi huu tunapenda kuwashauri mambo machache.

Nchi kavu kuliko kwetu

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 14,763. Si jangwa, lakini hewa yake haifanani kila mahali. Upande wa Ziwa Victoria mvua ya mwaka hupita milimita 1,000. Kadiri unavyokwenda kusini mashariki, kuelekea Ngorongoro, mvua hupungua hadi kufikia kama milimita 500. Ifikapo Juni nyasi za uwanda huo zimekwisha kukauka. Nyumbu zaidi ya milioni moja huuacha wakifuata maji na majani, na kati ya Julai na Oktoba wengi wao huwa kaskazini, kwenye Mto Mara.

Mtu aliyezoea ubaridi wa milima ya Tarime hushtukizwa na ukavu huo. Upepo hukausha jasho mara moja, hivyo haoni kwamba anatokwa na maji. Kiu nayo huchelewa. Atakapoanza kuumwa kichwa, mwili umekwisha kupungukiwa.

Hesabu ya maji

Mtu mzima apangiwe lita 3 za kunywa kwa siku, na mtoto lita moja na nusu. Basi lenye watu wazima 30 na watoto 10 linahitaji lita 105. Chukueni madumu 6 ya lita 20. Maji yachemshwe jana yake na kuachwa yapoe yakiwa yamefunikwa. Dumu liwe safi, ambalo halikuwahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ya pamba. Soda na pombe hazichukui nafasi ya maji.

Lipo jambo ambalo watu huona haya kulisema kikaoni. Akina mama na wazee wengi hukataa kunywa maji safarini kwa kuogopa haja ndogo, maana ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka ovyo. Dawa yake si kukaa na kiu. Dawa yake ni mkuu wa msafara kupanga vituo na kuvitangaza kabla ya kuondoka: Mugumu, kisha lango la Ikoma, kisha kituo cha wageni cha Seronera. Mtu akijua atashuka wapi, atakunywa bila hofu.

Bebeni pia pakiti za ORS. Zikikosekana, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kujaza. Mtoto mwenye midomo mikavu, macho yaliyodidimia, au anayelia bila machozi apewe maji hayo kidogo kidogo na mara kwa mara. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mtu akipata joto kali na kuanza kusema ovyo, alazwe kivulini, mwili umwagiwe maji na apepewe, kisha apelekwe hospitali bila kungoja safari iishe.

Wanaohitaji uangalizi

Kabla ya siku ya safari ulizeni nani ana ugonjwa wa kudumu. Mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi katika Kanda ya Ziwa, anaweza kupata maumivu makali akipungukiwa maji. Mwenye pumu husumbuliwa na vumbi, basi akae mbele na dawa yake iwe mfukoni. Wenye kisukari na shinikizo la damu wasiache dawa nyumbani. Watoto wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu, wapakwe mafuta ya kukinga jua, na wakae upande wenye kivuli. Mama mwenye mimba aliyekaribia kujifungua abaki, kwa maana barabara inatikisa na hospitali iko mbali.

Chakula kiwe kisichoharibika upesi: viazi vya kuchemsha, chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi na machungwa. Pilau iliyopikwa usiku na kufungwa ingali moto inaweza kuwaharisha watu basi zima. Pakieni katika vikapu na vyombo, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Watoto wasiguse mzoga, mfupa wala pembe. Kuokota vitu hifadhini ni kosa, na pia mnyama aliyekufa anaweza kuwa na kimeta.

Mbung'o na malale

Mbung'o huuma mchana. Hufuata gari linalokwenda, na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Basi sare za bluu ziachwe nyumbani. Vaeni nguo nzito kidogo, za rangi ya kaki au kijivu, zenye mikono mirefu, kwa kuwa kitambaa chepesi hupenywa. Mkipita penye mbung'o wengi fungeni madirisha.

Wagonjwa wa malale ni wachache sana siku hizi, lakini ugonjwa haujaisha. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi za Tanzania, Serengeti ikiwemo, waliugua walipokuwa wamekwisha kurudi kwao. Malale ya upande wetu wa Afrika huenda haraka, na mgonjwa asiyetibiwa hufa.

Dalili huanza kwa kawaida ndani ya wiki tatu: uvimbe au kidonda mahali pa kuumwa, homa, kichwa, maumivu ya viungo na kuvimba tezi. Hapa ndipo penye hatari kwetu. Tukipata homa, sisi husema ni malaria, tukanunua dawa dukani. Siku zinapita, na vijidudu vya malale vinaendelea kuelekea kwenye ubongo.

Kwa hiyo mkuu wa msafara atunze orodha ya wote waliosafiri. Jumapili tatu zinazofuata aulize nani ana homa. Mwenye homa aende kituo cha afya na kumwambia mganga waziwazi: "Nilikwenda Serengeti, nikaumwa na mbung'o." Kipimo kikionyesha hana malaria, aombe damu yake iangaliwe kwa darubini kutafuta vijidudu vya malale. Malale inayogunduliwa mapema inatibika, na maneno hayo machache yanaweza kumwonyesha mganga pa kuanzia.