Kiongozi wa Njia na Radi ya Novemba

Katika mwezi huu wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, mvua za kwanza hushuka juu ya Ufipa, na pamoja nazo radi. Wengi wetu tungali twasafiri kwa miguu: katekista aendaye kigango cha mbali, wanakwaya wavukao safu ya Mbizi, akina mama watokao Muze kule bondeni na kulipanda genge ambalo wenyeji huliita Lyamba lya Mfipa. Leo twapenda kunena juu ya safari hiyo, na juu ya yule atanguliaye mbele.

Nchi yetu imewekwa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, nayo imeinuka juu ya maji hayo kwa mita 1,000 hivi. Jua la asubuhi huyapasha joto mabonde. Hewa yenye unyevu hupanda kuta za uwanda, hupoa, na kujenga mawingu marefu kama minara. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu hugongana na kutenganisha umeme, hata wingu lisiweze kuuzuia tena. Ndiyo sababu asubuhi huwa shwari na ngurumo huja alasiri. Tena, ukiacha misitu ya Mbizi, sehemu kubwa ya uwanda ni majani matupu. Mtu atembeaye huko ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Kiongozi mwema huyazingatia hayo. Huwaamsha wenzake kabla ya mapambazuko, ili mgongo wa mlima uwe umevukwa kabla ya saa sita mchana. Aonapo mwanga wa radi huanza kuhesabu, kwa kuwa sauti ya ngurumo husafiri kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Ngurumo ikisikika kabla hajafika 30, radi i karibu mno, naye huwateremsha watu kutoka kileleni bila kungoja tone la kwanza la mvua. Hawapeleki chini ya mti uliosimama peke yake. Mahali pasipo makimbilio huwatawanya, wasije wakaanguka wote kwa pigo moja. Kibanda cha nyasi hakiwakingi. Huwatafutia jengo kubwa na imara, au gari lenye paa la bati, na hawaruhusu kuendelea mpaka zimepita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wapo wanung'unikao hapo, wakisema kwamba anayesali hana haja ya kugeuka nyuma. Tuwakumbushe kwamba Bwana wetu, aliposhawishiwa kujitupa kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Kanisa lenyewe lilijifunza jambo hili kwa machozi: huko Ulaya, kwa karne nyingi, watu walipiga kengele za kanisa ili kufukuza dhoruba, na wapiga kengele wengi wakauawa na radi wakiwa wameshika kamba. Nia yao ilikuwa njema, lakini mnara ulikuwa mrefu na kamba ilikuwa imelowa.

Hata hivyo, ndugu zetu, hatari iliyo kubwa zaidi huja baada ya mawingu kupita. Wenyeji hueleza kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Lakini akifa mtu kwa radi, swali la kwanza midomoni mwa wengi huwa hili: ni nani aliyeituma? Kisha macho yote humgeukia jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, au bibi kizee mjane ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Hapo kifo kimoja huzaa kingine. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Hakumtafuta aliyeuangusha, wala hakukubali kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko wengine. Nasi twaona kwamba mtu mmoja hupigwa na mwenzake kupona kwa sababu ya mahali aliposimama, na wala si kwa sababu ya jirani yake.

Hofu hiyo hiyo huwazuia watu kumgusa aliyepigwa, wakidhani kwamba umeme ungali mwilini mwake. Haumo. Wengi hupona wakisaidiwa upesi. Asiyepumua alazwe chali mahali salama, mtu apige magoti ubavuni pake, aweke viganja vyote viwili katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, akandamize kwa nguvu na upesi, kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akikimbilia kituo cha afya. Akichoka, ampokee mwenzake.

Nawe katekista, ukiitwa kwenye matanga ya namna hiyo, wahi kufika kabla ya minong'ono. Kaa karibu na yule anayetazamwa vibaya, umsalimie kwa jina mbele ya wote, na jua likichwa umsindikize hadi mlangoni pake.