Bitana ya kasha la bastola ya kale: kwa nini mafundi wanaogopa kuibandua

Umewahi kufungua boksi la simu mpya ukaona kila kitu kilivyokaa sehemu yake? Simu juu, chaja pembeni, waya umekunjwa kwenye kijishimo chake. Sasa rudi nyuma miaka kama 170. Badala ya simu weka bastola, na badala ya boksi la karatasi weka kasha la mbao ya mahogani lenye kufuli na ufunguo.

Ndivyo wenye pesa wa Ulaya na Marekani walivyouziwa bastola za fahari karne ya 19. Ndani ya kasha kulikuwa na bastola yenyewe (au mbili pacha, kama ni zile za watu wawili kupigana kulinda heshima zao), chupa ya baruti, kalibu ya kusubia risasi, kibati cha fataki na bisibisi. Vyote vililala juu ya kitambaa kilichobandikwa ndani. Kitambaa hicho hapa tutakiita bitana, kama ile ya ndani ya koti.

Mmarekani Samuel Colt alijua vizuri nguvu ya zawadi ya aina hii. Bastola moja yenye nakshi za dhahabu alimpa Sultani Abdülmecid wa Dola ya Osmani. Pacha wake leo yuko Metropolitan Museum of Art, New York.

Chuma kikipakwa mafuta kinadumu. Mbao nayo inadumu. Kitambaa ndicho kinachochoka kwanza: nondo wanakula sufu, mafuta ya bastola yanaacha madoa, mwanga unafifisha rangi. Mwenye kasha anaona aibu, anataka bitana mpya. Hapo ndipo kesi inapoanza.

Waingereza na Wafaransa hawakufanana

Kasha la Kiingereza limegawanywa kwa vibao vyembamba vilivyonyooka, kama droo ya vijiko. Bitana yake mara nyingi ni sufu nzito ya kijani, ukipenda fikiria kitambaa cha meza ya pool. Colt alipofungua kiwanda London mwaka 1853, makasha ya huko yalifuata mtindo huu.

Kasha la Kifaransa ni habari nyingine. Fundi alichonga shimo lenye umbo halisi la kila kifaa, halafu akalivika mahameli au kitambaa kingine mpaka kwenye kona zote. Bastola inazama nusu, haitikisiki. Kusema kweli ni mzuri kuutazama, lakini kuurudishia ndio unaotoa watu jasho. Ukikosea kidogo tu kwenye unene wa kitambaa, bastola haiingii, au inaingia halafu haitoki. Ndiyo maana fundi makini huanza na karatasi: anachora umbo la kila kifaa, anakata kadibodi, anajaribu, anaongeza nafasi ya kitambaa, anajaribu tena. Mbao inaguswa mwisho kabisa.

Kitambaa ni shahidi

Bastola yenye kasha lake la asili ina bei kubwa kuliko ileile ikiwa peke yake. Kwa hiyo wajanja hununua bastola huku, kasha kule, wanazifungisha ndoa na kudai zilizaliwa pamoja.

Bitana ya zamani ndiyo inayowaumbua. Chuma kikilala sehemu moja miaka mingi kinaacha alama: mtutu hapa, kinga ya triga pale. Kama alama hazilingani na bastola iliyopo, maswali yanaanza. Hata rangi inasema. Rangi ya kwanza ya viwandani iliyopata soko kubwa ilitokana na ugunduzi wa William Henry Perkin wa mwaka 1856, kwa hiyo kasha linalodaiwa kuwa la 1840 likikutwa na rangi ya namna hiyo, bitana imebadilishwa. Halafu kuna tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Vitambaa vingi vya kisasa vinang'aa buluu-nyeupe chini yake, kwa sababu ya kemikali za kung'arisha ambazo karne ya 19 hazikuwepo.

Ukiibandua na kuitupa, umemfukuza shahidi. Ndiyo maana wanaohifadhi vitu vya kale wanashauri kwanza kusafisha taratibu, kushona palipochanika, na kuziba pengo kwa kitambaa kipya kinachofanana. Kubadilisha yote ni hatua ya mwisho, na kabla yake unapiga picha kila kona na kuchukua vipimo. Simu yako inatosha kwa kazi hiyo.

Gundi na sponji

Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama. Uzuri wake ni kwamba inalainika kwa joto na unyevu, kwa hiyo fundi wa kesho anaweza kuibandua bila kuchana kitu. Gundi kali ya viatu haina huruma hiyo.

Vifaa vipya navyo vinaweza kudhuru. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki, unaogeuza risasi za zamani kuwa unga mweupe wenye sumu. Sufu ina salfa inayofanya fedha iwe nyeusi. Sponji ya bei rahisi inaoza na kunata, kama ile ya hedifoni za zamani. British Museum ilitoa njia ya kupima mwaka 1973, iitwayo kipimo cha Oddy: vipande vya fedha, shaba na risasi vinafungiwa pamoja na kifaa kinachopimwa na maji kidogo, kwa nyuzi 60 kwa siku 28. Vikichafuka, kifaa hicho hakifai kukaa karibu na bastola.

Na kile kibati cha fataki? Usikitikise wala kukifungua. Kemikali ya fataki za karne ya 19 inaweza kulipuka hata leo, kwa hiyo waite wataalamu wa milipuko kabla hujagusa kitambaa.

Ikibidi bitana mpya ibandikwe, fundi mwaminifu huandika tarehe na jina lake kwenye kibao kilicho chini yake. Vipande vya zamani anavitia kwenye bahasha na kumkabidhi mwenye kasha.